Kasha la Bi. Lahti

Theluji ya Duluth imeziba dirisha la chini,
dirisha lenyewe si refu kuliko mkate,
nami nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yananigusa kidevu,
napiga hesabu mgongoni mwa bahasha ya bili ya gesi.

Watoto sita.
Wawili hulipiwa na kaunti, na kaunti hulipa ikikumbuka.
Mama yake Teagan hulipa nusu kwa fedha, nusu kwa mayai.
Toa maziwa. Toa nepi. Toa bima.
Mtoe na yule fundi wa tanuri, aliyekuja mara mbili
akaondoka na pesa, akatuachia baridi.
Zimebaki dola thelathini na moja.

Wanataka tisini na tano kila mwezi, wale wa mtaala.
Sanduku litafika mlangoni, wanasema,
na kadi zinazong'aa, na dubu wa kitambaa,
na ratiba iliyopangwa dakika kwa dakika
kana kwamba hakuna mtoto duniani
anayejikojolea saa tatu na robo.

Tisini na tano!
Mimi nilidhani herufi A ni kama hewa, haina mwenyewe.
Hewa nayo, mwezi huu, naipasha moto kwa mkopo.

Nilijaribu vya bure. Nikachapisha tufaha la kupaka rangi,
wino ukakata katikati ya tufaha.
"Limeng'atwa," akasema Anders,
akalipaka kahawia pale palipoishia,
maana tufaha lililong'atwa huwa kahawia.
Nikaandika daftarini: sayansi.

Jumamosi, shule ya kanisa ilipokuwa ikifungwa,
walitoa meza nje, ramani, kengele, viatu vya watu wasiojulikana.
Bi. Verna Lahti, mwalimu wa miaka thelathini na minane,
alikuwa amesimama kando ya kasha lake
kama mtu anayemuuza paka asiyetaka kumuuza.
"Septemba hadi Mei," akasema. "Kumi na mbili."
Hakusema kumi na mbili nini. Nikampa dola.

Nyumbani nikafungua.
Septemba, majani. Oktoba, maboga. Desemba, mishumaa ya karatasi,
mwandiko wake umesimama wima kama uzio.
Januari, dubu na usingizi.
Kisha Aprili.
Nikapekua mpaka kwenye sakafu ya kasha: kipini cha nywele, vumbi la chaki.

Nikampigia simu.
"Ah, hiyo. Bomba lilipasuka, karatasi zikalowa."
"Sasa ulifundisha nini Februari?"
Kimya. Nilisikia birika lake likianza kulia.
"Chochote kilichokuwa mezani, Marlys."

Mezani kwangu kulikuwa na kopo la vifungo.
Vya koti la Harlan, vingi vyake;
koti nililigawa, vifungo nikashindwa.
Nikavimwaga. Panga kwa rangi, nikawaambia.
Mai Nhia akapanga kwa idadi ya matundu.
Britta akaanzisha duka, akanikatalia mkopo.
Na Waylon, asiyetamka neno tangu Septemba,
Waylon wa kuonyesha kwa kidole tu,
alichukua kile kikubwa, cheupe, cha shingoni,
akapanda kiti, akakibandika kwenye kioo penye theluji,
akakitazama.
"Mwezi," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Britta aliendelea kuuza.
Mimi niliinama kufunga kamba za viatu
ambavyo havina kamba.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi, buti zake zikitiririka maji.
Mtaala wenu ni upi? Nikamwonyesha kasha.
Akafunua Januari, akafunua Aprili,
akatazama kioo, akatazama kile kifungo,
gundi yake ya unga bado mbichi.
Akaweka alama ya tiki mahali fulani. Sikuona wapi.

Machi bado sina.
Kuna viazi, na funguo za gari tuliloliuza.
Kesho nitaona.